Sauti, Wino na Mashine: Safari ya Ngano za Singida hadi Mlango wa Maktaba

Mnamo mwaka 1931, jarida la Bantu Studies lililokuwa likichapishwa Johannesburg lilitoa mkusanyo wa ngano za Kinyiramba. Mkusanyaji wake alikuwa Frederick Johnson, jina ambalo wanafunzi wa historia ya Kiswahili hulifahamu kwa sababu nyingine kabisa. Johnson ndiye aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Na ndiye ambaye jina lake limeambatana na kamusi kubwa ya Kiswahili sanifu iliyotoka mwaka 1939, miaka 2 baada ya kifo chake. Ni nadra kukumbukwa katika madarasa ya isimu kwamba mtu huyohuyo, kabla ya kukabidhiwa jukumu hilo, alikuwa amekwisha kuandika maelezo juu ya Kinyiramba katika jarida hilohilo katikati ya miaka ya 1920. Kwa maneno mengine, mmoja wa wasanifishaji wakuu wa Kiswahili alipitia Iramba kabla ya kufika kwenye meza ya kamusi.

Jambo hili lingebaki kuwa dokezo la pembeni kama lisingekuwa na upande wa pili. Katika miaka hiyohiyo Johnson alikuwa akitafsiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili: Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Haggard kilitoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver cha Swift mwaka 1932. Basi mtoto wa Kitanganyika aliyejua kusoma aliweza kupata, kwa lugha ya shule yake, kisa cha Mwingereza anayetafuta almasi na kisa cha Mwingereza anayefungwa kamba na vijitu vidogo. Ngano za Kiomboi na vijiji vyake zilikuwa zimechukua njia nyingine. Zilikwenda kusini, katika jarida la wataalamu, ambako mtoto huyo asingefika. Hapana haja ya kumtuhumu Johnson kwa nia mbaya. Mfumo wa uchapishaji wa wakati huo ulikuwa na mito miwili, mmoja wa kuleta hadithi na mwingine wa kuzichukua, na mito hiyo haikukutana.

Mhadhara huu unaifuatilia mito hiyo hadi wakati wetu, ambapo pamezuka shughuli inayoitwa usimulizi wa kidijitali, na ambapo maktaba za umma katika nchi mbalimbali zimeikaribisha shughuli hiyo ndani ya kuta zake. Swali linaloongoza ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: je, mashine ya kunasa sauti ikiwekwa katika chumba cha maktaba mjini Singida, itafanya kazi ya mto upi?

Nchi na lugha zake

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,008,058. Ni mkoa wa katikati ya nchi, wenye ukame, mawe makubwa, maziwa ya chumvi kama Singidani na Kindai, alizeti, vitunguu na nyuki. Kiisimu, hata hivyo, ni mahali pa utajiri usiolingana na sifa ya ufukara ambayo mkoa umebandikwa kwa muda mrefu. Wanyaturu, ambao hujiita pia Warimi, na Wanyiramba wanazungumza lugha ambazo Guthrie aliziweka pamoja katika kundi la F30. Waihanzu wako kaskazini, katika eneo ambalo tangu 2012 ni Wilaya ya Mkalama. Wataturu wana lugha ya Kinailoti. Na huko Mkalama, katika kijiji cha Munguli na kandokando yake, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Familia kubwa za lugha zimekutana katika mkoa mmoja, na juu ya hizo zote kimetandazwa Kiswahili.

Idadi ya watu, basi, inaongezeka. Idadi ya wasimulizi ni jambo jingine. Lugha inaweza kuwa na mamia ya maelfu ya wazungumzaji na bado ikawa na watu wachache sana wanaoweza kukamilisha ngano moja kuanzia wito wa mwanzo hadi wimbo wa mwisho bila ya kuikata katikati na kumalizia kwa Kiswahili.

Walichokiona na walichokichukua wakusanyaji

Johnson hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 1915 Eberhard von Sick, mwanajeshi wa Kijerumani, alichapisha kwa lugha yake maelezo marefu juu ya Wanyaturu. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani mwingine na mwanachama wa chama cha Nazi, alipiga kambi karibu na Ziwa Eyasi akitafuta mifupa ya binadamu wa kale. Pamoja na mifupa akakusanya ngano za Wahadzabe, Waihanzu, Wanyiramba na Wairaqw kwa wingi ambao haujafikiwa na mtu mwingine yeyote katika eneo hilo. Juzuu mbili za ngano za Wahadzabe zilitoka Ujerumani mwaka 1956, zikafuatwa na nyingine. Zote ni za Kijerumani. Mtafiti wa Kitanzania anayetaka leo kusoma hazina kubwa kuliko zote ya ngano za kaskazini mwa Singida hana budi kwanza kujifunza lugha ya watawala walioondoka mwaka 1918.

Baada ya uhuru picha ilibadilika kidogo. Howard Olson alichapisha mwaka 1964 uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi, kazi ambayo bado ni msingi. Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi za maendeleo ya jamii mkoani humo, aliandika mwaka 1969 juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya mabadiliko ya jamii ya Wahi. Todd Sanders alitoa mwaka 2008 uchunguzi wake wa ibada za mvua za Waihanzu. Hizi ni kazi za heshima. Lakini zote ni za Kiingereza, na zote zina tabia moja ambayo wanamaktaba huifahamu vizuri: jina lililo kwenye mgongo wa kitabu ni la aliyeandika, si la aliyesema.

Hapa inafaa kulinganisha na majirani. Wagogo wa Dodoma walipata mwaka 1954 kitabu juu ya historia, mila na desturi zao, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Mathias Mnyampala, Mgogo mwenyewe na mshairi, na kuchapishwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Kitabu hicho kilikuwa na kasoro zake, lakini kilimpa Mgogo aliyesoma nafasi ya kubishana nacho. Ubishi wa namna hiyo ndio uhai wa masimulizi. Ngano iliyoko Kassel haibishiwi na mtu yeyote wa Kinyangiri.

Jina lenye irabu iliyopotea

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ni kitu gani hasa hupotea sauti inapogeuzwa kuwa wino. Wanyaturu wanamkumbuka mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, ambaye masimulizi yanasema aliwapelekea maadui makundi ya nyuki. Jina lake hupatikana katika maandishi kwa umbo la Liti na kwa umbo la Leti. Uwanja wa mpira wa miguu mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, siku hizi una jina la Liti, na washangiliaji hulitamka kila wiki ya ligi.

Msomaji wa kawaida atadhani kwamba mmoja wa waandishi alikosea. Mwanaisimu atashuku jambo la kina zaidi. Kinyaturu, sawa na Kinyiramba, kina irabu 7. Kiswahili kina irabu 5. Kati ya [i] na [e] za Kiswahili, lugha hizo zina irabu nyingine ya mbele ambayo sikio lililozoea Kiswahili au Kiingereza hulazimika kuisukuma upande mmoja au mwingine. Mwandishi mmoja huisukuma juu akapata i, mwingine huisukuma chini akapata e, na wote wawili wanakuwa wameandika kwa uaminifu kile walichodhani wamekisikia. Kuyumba kwa r na l katika jina la watu wenyewe, Warimi kwa Olson na Walimi kwa von Sick, ni ushahidi wa aina ileile: alfabeti ya mgeni inapangilia upya sauti za mwenyeji. Tukiongeza kwamba lugha hizi zina toni, na kwamba maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni, tunapata picha kamili. Kinachofika kwenye karatasi ni mifupa ya neno. Mnyaturu anayelijua neno hilo ataivika nyama mwenyewe. Mjukuu wake aliyekulia Dar es Salaam hataweza.

Hii ndiyo sababu ya msingi, kwa upande wa isimu, ya kuichukulia mashine ya kunasa sauti kwa uzito. Ubora wake hautokani na upya wake. Unatokana na ukweli kwamba haina alfabeti. Kinasa sauti hakimlazimishi mtu achague kati ya i na e.

Wajerumani walilitambua hilo mapema. Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanganyika mwaka 1906 akiwa na fonografu, akanasa nyimbo kwenye mitungi ya nta. Na hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kumbukumbu ya dunia, bila shaka. Lakini mwenye sauti ndiye aliyekuwa wa mwisho kuisikia.

Maktaba na amri ya ukimya

Huduma ya maktaba za umma nchini ni zao la miaka ya mwanzo ya uhuru. Sheria ya kuanzisha Bodi ilipitishwa mwaka 1963, huduma ikaanza mwaka uliofuata, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sheria Na. 6 ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania umbo lake la sasa. Maktaba za mikoa, Singida ikiwamo, zilitokana na mpango huo, na katika miaka ya 1970 zikaongezwa maktaba za vijiji ili kuwahudumia wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Kisomo hicho kilikuwa na mafanikio ya kweli: mwaka 1967 theluthi moja hivi ya watu wazima ndio waliojua kusoma, na kufikia mwaka 1975 walikuwa wameongezeka hadi asilimia 61.

Lakini maktaba hiyo ilirithi kutoka Uingereza zaidi ya rafu na kadi. Ilirithi pia amri ya ukimya. Mtu aliingia maktabani akakuta kibao kinachomwambia anyamaze, katika nchi ambayo fasihi yake kubwa ilikuwa ya kinywa na ambayo fanani hawezi kuanza bila ya hadhira kumjibu. Paukwa haitamkwi peke yake. Ikikosa pakawa, msimulizi hunyamaza. Aidha, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ngano ni shughuli ya usiku, na kusimulia mchana ni mwiko au angalau ni uvivu. Maktaba nazo hufunga milango kabla ya giza. Si ajabu, basi, kwamba miaka ilipita bila ya watu wawili hawa, mkutubi na fanani, kuonana.

Waliokutana na fanani walikuwa watu wa redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, kilichotambulika kwa sauti ya Debora Mwenda, kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya ngano kwa watoto ambao nyumbani walisikia Kisukuma, Kigogo au Kinyaturu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nayo ilithibitisha kwamba watu wanaweza kuketi kwa kikundi, wakasikiliza sauti kutoka mashineni, kisha wakajadiliana. Kwa maana hiyo mbinu ya duara la wasikilizaji haikuja Tanzania na kompyuta. Ilikuwapo, ikiwa na betri za redio, na ingefaa zaidi kuufufua uzoefu huo kuliko kujifunza upya kutoka ng'ambo.

Mbinu iliyotoka California

Usimulizi wa kidijitali kwa maana yake mahususi una mahali na tarehe. Ulianza San Francisco mnamo mwaka 1994, ukiongozwa na Joe Lambert, Dana Atchley na wenzao, na kituo chao kikahamia Berkeley baadaye. Utaratibu wao umeenea duniani kwa sura ileile: watu wachache huketi kwa duara kwa siku chache, kila mmoja husimulia kisa cha maisha yake, hukiandika kwa maneno 250 au 300, hukisoma kwa sauti yake mwenyewe, na kukiunganisha na picha zake za kawaida hadi kipatikane kifilamu cha dakika 2 au 3. Shirika la utangazaji la BBC liliutumia utaratibu huo huko Wales kuanzia mwaka 2001 hadi 2008. Maktaba ya Jimbo la California iliuingiza katika maktaba za umma za jimbo hilo. Mradi wa StoryCorps, ulioanza New York mwaka 2003, ulifuata njia iliyo karibu nayo, wa kuwaketisha watu wawili wahojiane, na rekodi zake zinahifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Afrika Mashariki nayo imeonja. Nchini Uganda, wanawake waliougua fistula walisimulia visa vyao kwa mbinu hiyo katika miaka ya 2000. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2013, uliweka vitabu vya hadithi vya watoto kwenye intaneti kwa leseni huria na kuvijaribu Kenya na Uganda miongoni mwa nchi za kwanza. Hapa nyumbani, shindano la XPRIZE lilisambaza tabuleti zenye masomo na hadithi za Kiswahili katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, na washindi wakatangazwa mwaka 2019. Tanga ilithibitisha kwamba mtoto wa kijijini, hata asiyekwenda shule, huifahamu mashine haraka. Lakini tabuleti zile zilikuwa za mto wa kuleta. Hazikumuuliza bibi yake mtoto chochote.

Sasa, mbinu ya California ikipelekwa Singida bila ya kupimwa itakutana na tatizo ambalo wataalamu wa teknolojia hawalioni kwa kuwa ni la sarufi. Mbinu hiyo inadai nafsi ya kwanza. Kiini chake ni mimi: mimi niliumwa, mimi nilihama, mimi nilimpoteza baba. Ngano haina mimi. Ina hapo zamani za kale, ina sungura na fisi, ina zimwi na msichana aliyekataa wachumba. Na fanani aliyebobea hujificha nyuma ya wahusika hao hata anapomsema jirani yake aliyeketi mbele yake. Tofauti hiyo inaonekana katika vitenzi. Kisa cha nafsi husimama juu ya -li- na -me-, wakati uliopita unaopimika na hali inayoendelea kumgusa msemaji. Ngano ikishafunguliwa kwa -li- moja huachiwa -ka- ikimbie: akaenda, akamkuta, akamwambia. Kumtaka mzee asimulie kwa maneno 250 kisa cha yeye mwenyewe ni kumtaka abadili utanzu, na pengine ni kumtaka afanye jambo ambalo katika adabu ya kwao ni majivuno.

Halafu kuna urefu. Dakika 3 zinatosha kwa mtu mmoja anayesoma karatasi. Hazitoshi kwa wimbo unaorudiwa mara 4, kwa tanakali za sauti, kwa mtoto anayedakia jibu kabla ya wakati na kuchekwa. Mhariri wa kwanza wa filamu atakata marudio hayo akidhani ni ziada. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kwamba hapo ndipo utungo ulipo.

Haya hayasemwi ili kuikataa mbinu. Kisa cha nafsi kina thamani yake, hasa kwa vijana, kwa wahamiaji wa mashamba ya Manyoni, kwa wanawake ambao ngano za wazee hazikuwapa nafasi ya kusema jina lao. Wale wanawake wa Uganda wasingefaidika na hadithi ya sungura. Inachotakiwa maktaba ni kutoa vyumba viwili badala ya kimoja: duara la visa vya nafsi, na duara la ngano lisilo na saa ukutani.

Lugha gani kwanza?

Swali zito zaidi kwa hadhira ya taaluma za Kiswahili ni la lugha. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inataka lugha za jamii zienziwe, zichunguzwe na zihifadhiwe. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulifanya kazi kubwa ya orodha za msamiati, na atlasi yake ya mwaka 2009 ilibainisha lugha zaidi ya 150. Pamoja na hayo, shuleni na katika utangazaji lugha hizo hazina nafasi. Maktaba ya umma ni miongoni mwa taasisi chache za serikali ambazo kazi yake haizilazimishi kuchagua lugha moja. Rafu haina mtaala.

Wako wanaodai kwamba ngano zinaswe kwa Kiswahili moja kwa moja, kwa kuwa ndicho kinachoeleweka na wote. Dai hilo lina busara ya matumizi na hasara ya kudumu. Fanani anayelazimika kutafsiri huku akisimulia huacha nyimbo, kwa sababu nyimbo hazitafsiriki papo kwa papo, huacha mafumbo, na hubadili majina ya mimea na wadudu kuwa “mti fulani” na “mdudu fulani”. Kinachobaki ni muhtasari wenye adabu. Njia iliyo bora, ingawa ni ya gharama, ni kumwacha asimulie kwanza kwa Kinyaturu, Kinyiramba, Kiihanzu, Kitaturu au Kihadza, mbele ya watu wanaoielewa na kuijibu. Kisha siku nyingine, mtu yuleyule, asimulie upya kwa Kiswahili chake. Asitafsiri: asimulie upya. Rekodi mbili za namna hiyo zikiwekwa pamoja, Kiswahili hakiwi mrithi anayesubiri mzee afe. Kinakuwa jirani aliyealikwa. Na kwa mwanaisimu, jozi hiyo ni dhahabu: Kiswahili cha mzee wa Iramba, na toni inavyobaki ndani ya lafudhi yake, na -ka- anavyoipanga, ni somo ambalo kamusi ya 1939 haikuligusa ingawa mhariri wake alilijua eneo hilo.

Uhifadhi nao una masharti yake. Kaseti nyingi zilizonaswa na wanafunzi wa vyuo vikuu katika miaka ya 1970 na 1980 zimekauka au kushikana; mashine za kuzichezea zimetoweka madukani. Faili la kidijitali halikauki, lakini hufutika kwa kubofya mara moja. Saa 1 ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja, kwa kiwango kinachofaa uchunguzi wa toni, huchukua karibu megabaiti 500. Si mzigo mkubwa leo. Mzigo ni nidhamu: nakala tatu, mojawapo nje ya mkoa na mojawapo lazima ibaki Singida, jina la msimulizi, kijiji, lugha, tarehe, na waliokuwapo. Rekodi isiyo na maelezo hayo ni yatima, hata ikiwa safi kama kioo.

Na kuna ridhaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayehifadhi taarifa za mtu anayetambulika. Mkutubi anahitaji kuzijua zote mbili. Ila sheria haitamwambia kila kitu. Sanders alipoandika juu ya mvua za Waihanzu, aliandika juu ya maarifa ambayo wenyewe wana utaratibu wa nani ayajue na lini. Mwaka 1960 Amadou Hampâté Bâ wa Mali aliiambia UNESCO kwamba mzee wa Kiafrika anapofariki ni kama maktaba imeungua, na kauli hiyo imerudiwa kila mahali hadi umaarufu wake ukaidhuru. Maktaba humfungulia kila mwenye kadi. Mzee huchagua. Humtazama aliye mbele yake, hupima umri wake na heshima yake, ndipo huamua kumpa ngano ipi. Programu ya maktaba inayomheshimu mzee huyo italazimika kuwa na rafu ambayo si kila mtu anaifungua, na wanamaktaba, waliofundwa kwamba kufungua ndiyo kazi yao, watalipata jambo hilo gumu.

Liko bado suala la kadi yenyewe ya orodha. Katika mfumo wa Dewey unaotumiwa na maktaba za umma, ngano huwekwa katika 398.2, na ngano za Tanzania hupata 398.209678. Tarakimu hizo zinataja utanzu na nchi. Kwa kawaida, sehemu ya mwandishi hujazwa jina la mkusanyaji: Johnson, Kohl-Larsen. Rekodi ya kwanza itakayonaswa katika maktaba ya Singida itamlazimu mkutubi kuamua aandike nini hapo, na aliandike vipi jina la bibi wa Kinyaturu ambaye irabu yake ya kwanza haipo kwenye kibodi ya kompyuta yake. Bibi mwenyewe atakuwa ameketi chumbani humo. Anaweza kuombwa alitamke, na matamshi hayo yakawekwa mwanzoni mwa faili, kabla ya paukwa.